Nukta Mbili za Nikeli

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa gizani. Mbalamwezi ikiwa kali, mialo ya Sengerema na Buchosa hupumzika, nyavu zikashonwa na madeni yakahesabiwa. Giza likirudi, mitumbwi hutoka jioni na taa zake. Dagaa huufuata mwanga, wavu ukawafuata dagaa. Zamani taa hiyo ilikuwa karabai, ya kupigwa pampu na kunywa mafuta ya taa usiku kucha. Upande wa Kenya, kampuni ya Osram ilifungua kituo Mbita mwaka 2008 ili wavuvi wapate taa zinazochajiwa kwa jua, na leo balbu za LED zimeenea kila upande wa ziwa. Taa nyingine huja zimekamilika kutoka viwandani. Nyingine balbu yake imetoka mbali, lakini betri yake imeungwa na fundi wa hapa hapa.

Taa ikizimika saa nane za usiku, dagaa waliokwisha kusanyika chini yake hutawanyika, na mafuta ya injini yamekwenda bure. Asubuhi betri hufunguliwa, na mara nyingi balbu huwa nzima, na seli nazo nzima. Kilichoachia ni kiungo: utepe mwembamba wa nikeli uliobanduka kwenye kitako cha seli moja, mtumbwi ulipokuwa ukipigwa na mawimbi.

Kiungo hicho ndicho nimekuja kukisifu, pamoja na mtu anayejua kukitia. Ana kibanda mjini Sengerema, cha redio, simu na, kwa miaka ya karibuni, betri za lithiamu. Hapendi jina lake liandikwe. Mtu akifika na betri iliyokufa, fundi haigusi kwanza. Huuliza.

“Taa ni ya wati ngapi, baba?”

“Kumi.”

“Inawaka kuanzia saa ngapi?”

“Tangu saa moja jioni hadi alfajiri, fundi. Mimi niambie bei tu.”

Bei haitajwi bado. Wati 10 kwa saa 10 ni watisaa 100. Seli moja ya aina ya 18650, yaani kopo la kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ikiwa na mAh 2500 na volti 3.6 hubeba watisaa 9. Kwa hiyo zinatakiwa 12: nne nne zimeunganishwa sambamba, makundi matatu yakifuatana, volti 11 hivi, zikijaa 12.6. Kama mteja hana uwezo wa seli mpya na anataka zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato za zamani, zenye mAh 2000 zilizobaki, basi zitakuwa 15. Hapo ndipo bei hutajwa, na mteja, baada ya kuguna kidogo, hukubali kwa sababu ameona hesabu ikifanywa mbele yake kwa kalamu.

Nasimulia haya kwa kirefu kwa sababu vijana wanaomjia kumuuliza wanunue mashine gani ya kuchomelea seli hupokewa kwa maswali yaleyale. Wao wameshaona picha kwenye simu. Wanataka kuambiwa ipi kali zaidi. Yeye huwauliza taa ni ya wati ngapi. Wati 10 kwa volti 11 ni mkondo usiofika hata ampea moja. Utepe wa nikeli safi wenye unene wa milimita 0.15 na upana wa milimita 8 hupitisha ampea 5 hivi bila kupata joto la kutia shaka. Mkondo wa taa ya dagaa unaupita utepe huo kwa raha. Kwa hiyo mashine inayotakiwa ni ile inayoshika nikeli ya 0.15 leo, kesho na keshokutwa kwa namna ileile. Nguvu ya kuchomelea utepe mnene maradufu ni fedha iliyotupwa. Fundi huanzia ziwani na kurudi nyuma hadi dukani, na sijaona njia nyingine yenye akili kuliko hiyo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asitumie risasi na pasi, kama anavyofanya kwenye redio. Ncha ya pasi huwa na nyuzi joto zaidi ya 300, na kopo la chuma hulinywa joto hilo kwa sekunde kadhaa kabla risasi haijakubali kutulia. Ndani ya seli kuna utando wa plastiki unaotenganisha upande chanya na hasi, nao huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Seli iliyopikwa namna hiyo huenda ikafanya kazi mwezi mzima kabla ya kuanza kujimaliza yenyewe ndani kwa ndani. Kuchomelea kwa nukta ni kazi nyingine kabisa. Ncha mbili za shaba hukandamiza utepe juu ya kitako cha seli, mkondo wa mamia ya ampea hupita kwa muda ambao jicho haliwezi kuufuata, na nikeli huyeyuka na kushikana na chuma katika madoa mawili madogo. Ukigusa hapo kwa kidole mara moja, utakuta uvuguvugu tu.

Kanuni yenyewe aliifafanua James Joule katika karne ya 19: joto hutokana na ukinzani, muda, na mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto huwa mara nne. Na pale nikeli inapogusana na kopo ndipo ukinzani ulipo mkubwa, kwa hiyo joto huzaliwa palepale linapohitajika. Elihu Thomson, mzaliwa wa Manchester aliyekulia Philadelphia, aliligundua jambo hilo mwishoni mwa miaka ya 1870 alipokuwa akifundisha. Alipitisha umeme wa chupa za Leyden, ambazo ni kapasita za kizamani, kwenye koili ya waya mwembamba, na ncha za waya mnene wa upande wa pili, zilizokuwa zimegusana, zikashikana. Mwaka 1886 alipata hataza ya kuchomelea kwa njia hiyo. Miili ya magari imechomelewa kwa kanuni hiyo kwa miongo mingi. Kwenye seli, ugumu ni kwamba chuma cha kopo ni chembamba, theluthi ya milimita au pungufu, na nyuma yake kuna kimiminika kinachoshika moto. Joto likipungua, utepe hubanduka. Likizidi, kopo hutoboka, na kibanda kizima hunukia harufu tamu kama ya rangi ya kucha. Seli ya namna hiyo hutolewa nje kwenye mchanga, na haizungumziwi tena habari ya kuitumia.

Mashine yake ya kwanza aliiunda kutokana na transfoma ya oveni ya maikrowevu. Aliikata koili ya volti elfu mbili na ushei, akazungusha mahali pake kebo nene mizunguko michache, akapata volti mbili tatu zenye mkondo wa kutisha. Siku hizi haruhusu mwanafunzi wake yeyote kuanza hivyo. Kapasita ya oveni hiyo inaweza kuua mtu hata ikiwa waya umeshachomolewa ukutani, na kuna vijana wenye haraka wasiokumbuka kuimaliza nguvu kwanza. Mimi namuunga mkono. Ubunifu wa mtaani una sifa zake, lakini huu haustahili kuigwa.

Lakini sababu iliyomfanya aiache mashine hiyo haikuwa hatari. Ilikuwa jioni. Umeme wa TANESCO ni volti 230, mawimbi 50 kwa sekunde, na mashine za namna hiyo, za kuunda na za dukani, huhesabu muda: hufungua mkondo kwa nusu wimbi, ambayo ni sehemu moja ya mia ya sekunde, au kwa mawimbi kadhaa, kisha hufunga. Asubuhi nukta zilitoka nzuri. Jioni, mji unapowasha taa zake zote na mashine za kusaga zinaunguruma mtaa wa pili, volti hushuka. Zikishuka kutoka 230 hadi 200, joto la nukta hupungua kwa karibu robo nzima, kwa sababu ileile ya Joule ya kuzidisha kitu kwa chenyewe. Mashine haina habari. Inapiga mlio uleule, inatoa cheche ileile, na nukta inaonekana sawa na ya asubuhi. Tofauti huja kujulikana karibu na Kisiwa cha Kome, usiku wa manane.

Alipolifahamu hilo alihamia kwenye bodi ndogo zenye mosfeti, yaani swichi za kielektroniki, zinazotumia betri ya gari. Bei yake ni rahisi, na fundi mwenye betri ya N70 tayari ana nusu ya mtambo. Tatizo, TANESCO akishaondolewa, betri yenyewe hushika nafasi yake. Betri kuukuu hulegea katikati ya kazi, nukta ya hamsini ikawa si ndugu wa nukta ya kwanza. Kuna lingine baya zaidi: mosfeti ikiungua, mara nyingi huungua ikiwa imefunguka, mkondo hauna wa kuuzuia, na ncha za shaba huendelea kuyeyusha kila kinachoguswa mpaka mtu avute kebo. Kwa hiyo anayechagua bodi hizo aweke swichi ya kukata karibu na mkono, na asimkubalie muuzaji anayesema haihitajiki. Zile ndogo za kushika mkononi, zenye betri yao ndani, fundi wangu huzitumia kwa nikeli ya 0.1 kwenye betri za redio na tochi. Huziheshimu kwa hilo, wala hazitumi ziwani.

Mashine aliyotulia nayo ni ya kapasita. Ndani yake kuna kapasita kubwa zinazojazwa polepole kutoka chanzo kidogo, hata paneli ya sola iliyo juu ya bati, kisha hutoa kila kitu kwa mkupuo. Uzuri wake ni kwamba akiba iliyomo hutegemea volti za kapasita tu. Zikifika kiwango kilichowekwa, nishati ni ileile, iwe ni asubuhi, jioni, au mjini pamekatika umeme kabisa. Kuna mashine nyingine iliyobuniwa Ujerumani, kWeld, ambayo hupima mkondo na volti wakati nukta inapigwa na kufunga mara tu juli ulizoagiza zinapotimia. Fundi ameisoma na kuitazama ikifanya kazi kwenye video, na huisema kwa heshima. Kwake tofauti ya bei haijalipwa na dagaa bado.

Kwenye maboksi ya mashine zote hizi utakuta ampea elfu kadhaa zimeandikwa kwa herufi nene. Yeye huyasoma maandishi hayo kwa jicho lilelile analosomea seli iliyoandikwa mAh 9900. Hakuna 18650 ya kiasi hicho duniani; nyingi kati ya zilizo bora huishia karibu na 3500. Seli halisi ina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, na mizani ndogo ya dukani huwaumbua waongo bila ugomvi. Kwa mashine mizani haisaidii. Inabidi upige nukta.

Na kabla ya nukta, uijue nikeli. Hapa ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza akikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya kitaaluma. Sokoni kuna tepe za nikeli safi, na kuna tepe za chuma zilizopakwa nikeli, zikiuzwa kwa jina moja. Sumaku haitofautishi, kwa kuwa nikeli nayo huvutwa na sumaku. Yeye hukwangua kipande kwa msasa, hukiloweka kwenye maji ya chumvi, na kukiacha. Baada ya siku moja au mbili chuma hutoa kutu pale kilipokwanguliwa. Nikeli safi hubaki ilivyo. Akiwa na haraka hukigusisha kwenye jiwe la kunoa linalozunguka: chuma hurusha cheche ndefu, nikeli hairushi. Ubaya wa chuma hicho ni kwamba kina ukinzani mkubwa kuliko nikeli, na kwa sababu hiyohiyo hushika upesi. Mashine dhaifu ikijaribiwa kwa utepe mbovu huonekana hodari. Muuzaji anayekuonyesha mashine kwa utepe wake mwenyewe hajakuonyesha chochote. Nenda na nikeli yako mfukoni, iliyokwisha loweshwa chumvi.

Mahitaji yake huyapata Mwanza mjini. Siku za kivuko cha Kigongo–Busisi au cha Kamanga safari ilikula siku. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya ghuba, limeifanya kuwa ya asubuhi moja. Kompyuta mpakato zilizokufa hununuliwa kwa mafungu. Hupenda kupitia Makoroboi, mtaa ambao mafundi bati walikuwa wakikunja makopo kuwa koroboi za mafuta ya taa. Sijui kama huwaza lolote anapopita pale akiwa na begi la seli. Mimi ndiye ninayewaza: ni kazi ileile ya kutia mwanga ndani ya kopo.

Mezani, kasi hupotea kabisa. Seli hupangwa kwa volti zake, kisha kwa uwezo wake. Ile inayoshuka yenyewe ikiachwa juma zima hutupwa. Juu ya kila upande chanya hubandikwa kiduara cha karatasi ya kuhami, kwa kuwa kopo zima ni hasi na linafika hadi ukingoni, milimita chache tu kutoka chanya. Utepe hukatwa, na kila mahali patakapopigwa nukta huchanwa mstari mfupi katikati, ncha moja ya shaba ikae huku na nyingine kule. Nilimuuliza sababu ya mstari huo. Umeme ni mvivu, alisema. Ukiuachia njia juu ya utepe, utapita juu na kopo halitapata joto. Ukiikata njia, utashuka.

Kisha mkono. Kabla ya betri ya mteja hupiga nukta kwenye seli iliyokufa, na kuuvuta utepe kwa plaizi. Utepe ukitoka msafi, nukta ni kofia tu, imekaa juu bila kushika. Ukichanika na kuacha madoa mawili ya nikeli yamebaki kwenye kopo, na matundu mawili kwenye utepe, basi kiwango kimefikiwa, na hakiongezwi hata kidogo zaidi. Shinikizo la mkono nalo lina kipimo chake. Ukigusa kwa wepesi, nikeli hurusha vipande. Ukikandamiza kwa nguvu zako zote, ambalo ndilo kosa la wenye bidii, mgusano huwa mzuri mno, ukinzani hushuka, na joto halizaliwi. Mikono yake miwili inashuka na kusimama mahali palepale kila mara. Sekunde, mlio mdogo, inuka. Mashine nzuri hupiga mapigo mawili: la kwanza fupi, la kulaza utepe na kuunguza uchafu, la pili la kuchomelea. Baada ya safu moja huziangalia ncha za shaba, na kama zimeanza kuwa butu au kuganda nikeli, huzinoa kwa tupa hadi kipenyo kirudi milimita moja na nusu hivi. Ncha butu hutandaza mkondo, na mkondo uliotandazwa ni sawa na jioni ya TANESCO.

Mwanafunzi wake, kijana wa Nyehunge, alikuwa akiuliza kwa nini asipige nukta nane kwenye kila kitako badala ya nne, ili iwe imara zaidi. Fundi hakumjibu. Alimpa seli iliyokufa na kumwacha apige nane. Utepe ulishika kweli. Lakini zile za mwisho zilikuwa dhaifu, kwa kuwa mkondo ulipita kwenye nukta zilizokwisha kushikana badala ya kushuka mahali papya. Nne zilizotengana vizuri zinatosha.

Baada ya hapo ni bodi ya ulinzi, nyaya zake nyembamba zikifuata makundi kwa mpangilio, nailoni ya kusinyaa kwa joto, na gundi kwenye matundu yote mawili ya boksi, maana mtumbwi wa dagaa hauna mahali pakavu. Haya huyafanya vizuri, ila mafundi wengi wanayaweza.

Mara ya mwisho nilipokaa kibandani kwake alikuja mzee mmoja, tajiri wa mitumbwi mitatu, akiwa na jambo jipya. Anataka kujaribu injini ya umeme, na ameambiwa betri yake itahitaji mkondo wa ampea mia. Kijana wa Nyehunge alikwisha fungua simu kutafuta mashine kubwa ya kuchomelea. Fundi aliuliza injini ni ya kilowati ngapi na mtumbwi unakwenda wapi na kurudi, akaandika, akafikiri kwa muda. Kwa kazi hiyo, alisema, atachukua seli kubwa za fosfeti ya chuma, zile za umbo la tofali, nne tu kwa kila volti 12.8, zinazokaza bamba za shaba kwa nati za M6. Mashine haitahitajika. Inatakiwa spana namba 10, na spana anayo.